Jaribio la vitendo kwenye usaili wa kazi ya uandishi na uhariri: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila linapotoka tangazo la kazi ya mhariri, simu yangu hujaa ujumbe wa vijana wanaouliza mambo yaleyale. Nimekuwa msailiwa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na baadaye nikawa mtu wa kutunga na kusahihisha majaribio hayo, kwanza gazetini, kisha kwa mchapishaji wa vitabu, hapa hapa Dar es Salaam. Nimeona heri niyaandike majibu mara moja.

Kwa nini nipewe jaribio wakati vyeti ninavyo?

Kwa sababu waombaji wenzako nao wanavyo, na vinafanana. Shahada ya Kiswahili au ya uandishi wa habari inaonyesha kwamba ulisoma ngeli na ukafaulu. Haionyeshi kama saa 4 usiku, ukurasa ukisubiriwa kwenye kiwanda cha uchapaji, utagundua kwamba jina la mkuu wa wilaya limeandikwa kwa namna mbili tofauti kwenye habari moja.

Na zile kazi zako zilizochapishwa? Zinasaidia, lakini zilipita mikononi mwa mhariri kabla ya kutoka. Mimi nikiisoma makala yako gazetini sijui sentensi ipi ni yako na ipi ameinyoosha mwingine. Jaribio linatuonyesha wewe ulivyo ukiwa peke yako.

Nitarajie jaribio la namna gani?

Inategemea unaomba wapi. Chumba cha habari hukupa habari mbovu uihariri, taarifa kwa vyombo vya habari uigeuze habari, na vichwa vya kutunga. Mchapishaji wa vitabu hukupa kurasa kadhaa za mswada, mara nyingi wa hadithi au kitabu cha kiada, na atataka kuona unavyoandika maswali kwa mtunzi. Kampuni za tafsiri hutuma matini fupi kwa baruapepe. Mashirika hukupa ripoti ndefu uifupishe kwa ukurasa mmoja anaoweza kuusoma mtu asiye mtaalamu.

Serikalini mambo ni rasmi zaidi. Ukiomba kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, utaanza na usaili wa mchujo wa kuandika, baadhi ya kada zina usaili wa vitendo, halafu ndipo mahojiano. Usipuuze maelezo ya vyeti kwenye tangazo la kuitwa. Yanasema wazi kwamba hati za matokeo hazikubaliwi badala ya cheti halisi, na bado kila mara wapo wanaorudishwa getini.

Jaribio la uhariri linasahihishwaje hasa?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu lake huwashangaza wengi: hatuhesabu tu makosa uliyoyaona. Nitaonyesha kwa mfano. Aya hii niliitunga mwenyewe na nimeitumia kwa muda mrefu hadi ikazoeleka, kwa hiyo sina tena haja ya kuificha:

*Jeshi la Polisi linamshikilia mhalifu mmoja mwenye umri wa miaka 34 kwa tuhuma za kuiba mifuko 120 ya saruji kwenye ghala la shule ya msingi. Tukio hilo lilitokea mnamo majira ya saa 5 usiku ambapo mlinzi alikuwa amesafiri kwenda kuzuru kaburi la baba yake. Kati ya mifuko hiyo, 45 ilikutwa kwenye gari, 60 nyumbani kwake na 25 ilikua imeshauzwa. Mwalimu mkuu alisema vumbi la saruji iliyomwagika linaweza kuwadhuru watoto, na kwamba mwanafunzi wa darasa la nne ambaye ndiye aliyewaona wezi hao amepongezwa kwa ujasiri.*

(Kwenye jaribio lenyewe mwanafunzi huyo alikuwa na jina lake na la baba yake. Hapa nimeyaondoa.)

Isome tena kabla hujaendelea.

Karibu kila mwombaji hurekebisha *ilikua* kuwa *ilikuwa*. Vizuri, saruji haikui. Wengi pia hupunguza *mnamo majira ya saa 5* ikabaki *saa 5*, na wengine hubadilisha *ambapo* kuwa *wakati*. Hizo ni alama za kawaida, za kukufikisha katikati.

Wanaoanza kupendeza ni wale wanaosimama kwenye *mhalifu*. Mtu anayeshikiliwa kwa tuhuma ni mtuhumiwa. Akifikishwa mahakamani akasomewa mashtaka ni mshtakiwa. Uhalifu wake haujulikani mpaka mahakama iseme. Gazeti likimwita mhalifu leo, kesho linaweza kuwa na barua ya wakili mezani. Hali ni hiyohiyo kwa *wezi hao* mwishoni: mwanzoni alikuwa mmoja, sasa wamekuwa wengi, na tayari tumewahukumu.

Halafu kuna *nyumbani kwake*. Kwake nani? Aliyetajwa karibu zaidi ni mlinzi. Mwandishi alimkusudia mtuhumiwa, bila shaka, lakini sentensi ilivyo imemwangushia mlinzi mifuko 60 chumbani mwake.

Jumlisha sasa: 45, 60 na 25 ni 130, si 120. Hapa ndipo ninapomjua mhariri. Niliwahi kupata kijana mwerevu sana aliyeliona tatizo hili, akabadilisha 25 ikawa 15, hesabu ikakaa sawa, akaendelea. Nilimkata alama nyingi kuliko yule ambaye hakuona kitu. Asiyeona amepitiwa, na kupitiwa kunatibika kwa mazoezi. Huyu ameona, kisha akajitungia ukweli na kuuficha ndani ya sentensi safi ambayo hakuna atakayeitilia shaka tena. Jibu nililolitaka lilikuwa mstari mmoja pembeni: *Jumla inatoka 130. Tumpigie mwandishi, idadi ipi ni sahihi?*

Na yule mwanafunzi wa darasa la nne? Mtoto ambaye ni shahidi wa wizi, jina lake na la baba yake kamili gazetini, na huenda wenziwe mtuhumiwa bado wapo mtaani. Anayeondoa jina hilo na kueleza sababu kwa maneno matano ananifanya nianze kutafuta anapatikana lini kuanza kazi.

Ulidhani nimesahau *kuzuru* na *kuwadhuru*. Yote mawili ni sahihi: kuzuru ni kutembelea, kudhuru ni kuumiza. Niliyaweka kwa makusudi kwa ajili ya wale wanaoona dh na z wakaanza kurekebisha bila kufikiri. Wapo waliompeleka mlinzi *kudhuru kaburi la baba yake*.

Kwa hiyo kuna alama za kuacha kitu kilivyo?

Zipo, na ndizo mimi nilizozikosa kwenye jaribio langu la kwanza la uhariri wa vitabu. Mchapishaji mmoja alinipa kurasa sita za hadithi inayotokea Unguja. Nilikuwa nimetoka chuo, kalamu nyekundu inanichoma mkononi. Kila palipoandikwa *skuli* nikaweka *shule*. Mama mmoja kwenye hadithi alikuwa anakatakata *tungule*, nikazigeuza *nyanya*. Nilirudisha karatasi zikiwa zimewiva kwa wino, nikaondoka nikijisifu.

Bibi mhariri aliyenisaili alinirudishia zile kurasa akaniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, huyu mama anakaa Unguja au umemhamishia Morogoro?"

Kazi sikupata, na nilistahili. Kiswahili sanifu chenyewe kilijengwa juu ya Kiunguja, nami nilikuwa nawasahihisha watu wa Unguja maneno ya jikoni kwao. Kwenye kitabu cha kiada cha Bara ningekuwa na haki ya kuuliza. Kwenye mazungumzo ya wahusika wa hadithi, kwanza nilipaswa kusikiliza.

Siku hizi nikitunga jaribio la hadithi huweka maneno mawili matatu ya namna hiyo. Ukiwa na wasiwasi na neno, usilifute. Lizungushie duara, uliza.

Kuna makosa yanayotegwa mara kwa mara ambayo naweza kujiandaa nayo?

Yapo, na watunzi wa majaribio ni wavivu kama watu wengine, hurudia. *Masaa* kwa maana ya *saa*: mtaani yanasemwa kila siku, ila wahariri wengi hawayapitishi. *Ameuwawa* badala ya *ameuawa*. *Haina* mahali pa *aina*, na kinyume chake. *Rafiki wangu* badala ya *rafiki yangu*. *Kupiga kula*, ambako wananchi hujitokeza kwa wingi, nami siwalaumu.

Upatanisho wa viumbe ni mtego mzuri zaidi kwa sababu unataka uelewe kinachosemwa. *Ndege yule ametua* ni wa mtini. *Ndege ile imetua* ni ya abiria. Wenzangu walikuwa na sentensi moja waliyoipenda: *Kifaru huyo kililipuliwa karibu na mpaka.* Ni wa mbugani au ni wa jeshi? Neno *kililipuliwa* linakwambia ni chombo cha vita, basi *kifaru hicho*. Ila aliyeandika pembeni "thibitisha ni kipi" hatukumnyima alama, maana duniani kuna mambo.

Kuna pia lugha ya kuwataja watu. *Zeruzeru* ni lazima uibadilishe iwe *mtu mwenye ualbino*, na *kilema* iwe *mtu mwenye ulemavu*, isipokuwa ni maneno ya mtu yaliyonukuliwa na kuna sababu ya kuyaacha. Ukiyapita bila kusema kitu, jopo litahoji mengine yote.

Jaribio la kuandika habari kutokana na taarifa ya ofisi, wanatafuta nini?

Wanatafuta kama unaweza kuikuta habari ilikojificha. Taarifa za ofisi zina tabia moja: zinaanza na mheshimiwa. Mheshimiwa amewataka, mheshimiwa amesisitiza, mheshimiwa amepongeza. Kisha aya ya nane, katikati ya sentensi ndefu kuhusu ushirikiano wa wadau, unakuta kwamba mradi wa maji uliokuwa ukamilike mwaka juzi utaongezewa fedha na vijiji vitatu vimeondolewa kwenye mpango. Hiyo ndiyo habari. Mwombaji anayeanza na mheshimiwa akikata utepe ameandika vizuri, ila ametuandikia taarifa ileile kwa maneno mengine.

Aya ya kwanza isizidi maneno 30 hivi. Nani, nini, wapi, lini vikae juu. Kwa nini na vipi vinaweza kufuata. Nukuu moja yenye damu inatosha. Usibuni nukuu hata kama taarifa ni kavu kama muhogo wa juzi, na usiongeze maelezo ya nyuma usiyo na uhakika nayo kwa kutaka kuonekana unajua mambo. Kama kuna mtu ambaye angepaswa kuhojiwa na hayumo, mwanakijiji wa kile kijiji kilichoondolewa kwa mfano, andika chini ya habari yako kwamba ungempigia simu nani na ungemuuliza nini. Watu wachache hufanya hivyo, na sijawahi kuona jopo lisilolipenda.

Angalia mtindo wa gazeti unaloliomba kabla hujaenda. Gazeti moja huandika *Sh500 milioni*, jingine *Sh milioni 500*. Nunua nakala mbili tatu za wiki hiyo, soma namna wanavyoandika vyeo, tarehe na fedha. Kwenye gazeti letu mwombaji aliyekuja ameshaushika mtindo wetu alionekana tangu mstari wa kwanza.

Na vichwa vya habari?

Vichwa vina sarufi yake, nayo haifundishwi sana darasani. Jambo lijalo huandikwa kwa kitenzi-jina: *Soko kufungwa miezi miwili*. Jambo lililotokea hupokonywa kiambishi cha wakati: *Akamatwa na meno ya tembo*, *Auawa akigombea mpaka wa shamba*. Ukiandika *Mtu mmoja amekamatwa akiwa na meno ya tembo* hujakosea, ila umetumia nafasi ya vichwa viwili.

Utapewa idadi ya herufi. Ihesabu kweli, pamoja na nafasi. Na kichwa kisiahidi kitu ambacho habari haina.

Nipange vipi muda wa saa moja?

Dakika kumi za mwanzo soma kila kitu bila kalamu, maelekezo mara mbili. Wanaoanza kusahihisha sentensi ya kwanza wakiwa hawajafika ya mwisho ndio wanaokosa *mmoja* aliyegeuka *wezi hao*. Pita mara ya pili ukiangalia maana tu: nani kafanya nini, hesabu, majina, tarehe na siku. Tahajia na alama iwe pito la tatu. Acha dakika tano za kuisoma kazi yako kwa kunong'ona, kwa sababu sikio hukamata upatanisho ambao jicho limeuzoea.

Usipomaliza, andika ulipoishia na ungefanya nini. Kurasa tatu zilizohaririwa vizuri na dokezo huwa bora kuliko tano zilizokimbizwa.

Barua ya maombi nayo ni jaribio, la kwanza kabisa. Nimeshapokea barua ya mtu aliyeomba kazi ya *Muhariri*, na nyingine iliyokuwa na jina la kampuni ya washindani wetu.

Naruhusiwa kutumia kamusi?

Uliza, usidhani. Sehemu nyingi nilizofanya kazi tuliruhusu, maana mhariri asiyefungua kamusi anatutia hofu zaidi. Kuwa na mazoea na *Kamusi ya Kiswahili Sanifu*, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, na *Kamusi Kuu ya Kiswahili* ya Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA. Hazikubaliani kwenye kila neno. Ukikuta zinatofautiana, chagua moja, iseme, na uishike hadi mwisho wa matini.

Vipi kuhusu akili mnemba?

Kama maelekezo hayajaruhusu, usitumie, hasa kwenye jaribio la kufanyia nyumbani ambako unajiona uko peke yako. Tutakuita, tutakuwekea kazi yako mbele na kukuuliza kwa nini umekata sentensi hii na kuacha ile. Aliyeifanya mwenyewe hujibu kabla swali halijaisha, hata kama sababu yake ni mbaya. Mwingine huanza kuisoma kazi yake kama anaiona kwa mara ya kwanza, na mara nyingi ni kweli.

Upande wa pili ni kwamba sasa majaribio mengi yanakupa matini iliyoandikwa au kutafsiriwa na mashine ili uirekebishe. Hayo yana ugumu wake. Maandishi ya mashine ni laini, sarufi inaweza kuwa safi, na kosa limelala ndani ya maana. Isome kwa shaka kuliko unavyomsoma mwandishi mchovu.

Jaribio la tafsiri lina tofauti gani?

Mara nyingi ni matini ya maneno 250 hadi 300, na msahihishaji anajua kabla hujaanza ni wapi utajikwaa. Saa ni mahali pa kwanza. Kikao ambacho Kiingereza kinakipanga saa 2 mchana, kwetu ni saa 8 mchana, na wapo wanaoiacha *saa 2 mchana*, saa ambayo Mswahili hana. Nimewahi pia kusahihisha tafsiri ambamo mke wa rais alikuwa *mwanamke wa kwanza wa Marekani*. Nilimwonea huruma Hawa.

Kazi za namna hii zipo na zinaendelea kuwepo. Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, ilikipokea Kiswahili mwaka 2019 kuwa lugha yake rasmi ya nne, baada ya Kiingereza, Kifaransa na Kireno, na mikutano ya jumuiya huzaa makaratasi.

Naomba kazi Kenya nikiwa Mtanzania. Kuna la kuangalia?

Kwanza, huko utaitwa kwenye *mahojiano*, neno *usaili* si la kila siku. Tofauti nyingine si za sarufi, ni za maisha ya nchi. Tanzania kuna makamu wa rais, Kenya kuna naibu rais. Anayewakilisha kata kwetu ni diwani. Kwao, baada ya katiba ya 2010, ni mwakilishi wadi katika bunge la kaunti. Ukihariri habari ya Kisumu ukampa mwakilishi wadi jina la diwani, hujasanifisha lugha, umekosea cheo cha mtu. Na *tarakilishi*, neno lao la kompyuta, iache ilivyo. Mkenya anayeomba huku afanye vivyo hivyo kwa upande wetu.

Nimepewa jaribio la kurasa kumi bila malipo. Ni halali?

Ukurasa mmoja au miwili, saa moja ya muda wako, hiyo ni kawaida. Kurasa kumi ni kazi. Niliwahi kuitwa kwenye jaribio la kurasa kumi za kitabu cha mafunzo, nikakesha nalo. Wiki mbili baadaye nikakutana na mwombaji mwenzangu kwenye daladala ya Mwenge, tukaanza kusimuliana. Yeye alipewa sura ya tatu. Mimi ya tano. Tulimpigia wa tatu tuliyemkumbuka jina: sura ya saba. Hakuna kati yetu aliyeitwa kazini, na sidhani kama kazi yenyewe ilikuwepo.

Kwa hiyo angalia: je, waombaji wote wanapewa matini moja? Ukiuliza, mwajiri wa kweli hatasita kujibu, kwa sababu bila matini moja hawezi kuwalinganisha. Je, matini ina dalili ya kuwa kazi inayosubiriwa, na tarehe ya mwisho inayofanana na ya kiwandani? Je, kuna jina la mtu na ofisi, au ni namba ya WhatsApp tu?

Kukataa si lazima kuwe kwa ukali. Ujumbe kama huu unatosha:

*Habari za kazi. Nashukuru kwa kunifikiria katika nafasi hii. Nimeipitia kazi mliyonitumia, nayo ni kurasa kumi. Kwa ajili ya usaili niko tayari kuhariri kurasa mbili mtakazozichagua bila malipo na kuzirudisha kesho jioni. Zilizobaki naweza kuzifanya kwa malipo ya kawaida ya kila ukurasa. Naomba mniambie mnaonaje.*

Wakikasirika, umeokoa usiku mmoja. Wapo wanaojibu kwa heshima na kupunguza kazi, mara nyingine kwa sababu hakuna aliyekuwa ameketi kuhesabu kurasa.

Wanaweza kuchapisha nilichoandika kwenye jaribio?

Ukiandika kitu kipya, makala au hadithi, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inakulinda tangu unapoiandika, bila kusubiri usajili. Msailiwa bado si mwajiriwa, kwa hiyo mwajiri hawezi kuichukua kama kazi ya mfanyakazi wake. Ila soma fomu kabla ya kusaini; nyingine zina sentensi ndogo chini inayokunyang'anya hayo yote. Baki na nakala yenye tarehe, hata picha ya simu.

Wanataka nilipie ada ya jaribio.

Hiyo si ajira. Funga simu.

Nimefeli. Naweza kuomba kuonyeshwa nilipokosea?

Omba, mara moja, kwa ufupi, baada ya wiki moja hivi. Serikalini usitegemee sana, waombaji ni maelfu. Kwa wachapishaji na vyumba vya habari vidogo, mhariri aliyesahihisha anaweza kukujibu mistari miwili. Usibishane naye hata kama unaona ulikuwa sahihi kuhusu *masaa*.

Huku ukisubiri, fanya mazoezi kwa vitu vya bure. Taarifa rasmi za majadiliano ya Bunge zinapatikana mtandaoni: chukua mchango wa mbunge mmoja, ukurasa mzima, uufupishe kwa maneno 120 bila kumwekea maneno mdomoni. Au chukua taarifa ya wizara, iandikie habari yako, kisha kesho yake nunua gazeti uone wenzako waliikuta wapi habari. Siku nyingine utakuta wameanza na mheshimiwa.

Nikiwa ndani ya chumba cha jaribio, naweza kumuuliza msimamizi swali?

Unaweza. Akisema haruhusiwi kujibu, liandike swali lako pembeni ya karatasi, pale pale lilipozuka.